Jumamosi ya Kwanza ya Desemba: Historia ya Marehemu Mzee Dishon Ondiek

Mchungaji wetu, chifu, wazee, akina mama, jamaa na marafiki mliofika hapa leo, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, kwa niaba ya familia tunawasalimu, na wale walio juani tunawaomba wasogee chini ya hema, kwa maana historia hii si fupi. Anayeisoma ni Frankline, mwana wa kwanza wa marehemu, ambaye jina lake halimo katika ratiba mliyopewa langoni, kwa kuwa kazi hii alikuwa amepewa binamu, lakini Frankline aliomba asome yeye, na baada ya kuvutana kidogo familia ikamwachia. Kama ilivyo desturi atamtaja kila mtu kwa jina, na yeye mwenyewe atajitaja kama anavyowataja wengine.

Marehemu Dishon Ondiek alizaliwa tarehe 8 Agosti 1951 katika kijiji hiki hiki, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Pap Onditi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa shambani wakati wa kuvuna mtama, mkunga akiwa ni mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu lake kuelekea sokoni, ambaye baada ya kumfunga mtoto kwa leso alijitwika kapu na kuendelea na safari yake. Marehemu alikipenda sana kisa hicho, akisema kwamba mtu aliyepokelewa na mpita njia hana budi kuwa macho tangu siku ya kwanza.

Alianza masomo Januari 1960 katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na nyumbani, akiwa amechelewa kidogo kwa sababu ng'ombe wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1966 na kupita vizuri, akaendelea hadi kidato cha pili, na Novemba 1968 akaacha shule kwa sababu macho ya baba yake yalikuwa yamepofuka na hapakuwa na mtu wa kushika jembe. Hakulalamika kamwe kuhusu jambo hilo, ila hakuvumilia kumwona mtoto akikunja kona ya ukurasa wa kitabu, na Frankline alichapwa zaidi kwa kosa hilo kuliko kosa lingine lolote.

Tarehe 5 Machi 1973 aliajiriwa katika shamba moja kubwa la miwa upande wa Muhoroni, kwanza akiwa mkata miwa, na mwaka 1978 akahamishiwa kikosi cha moto, watu kumi na wawili ambao kazi yao ilikuwa kufyeka na kulima mikanda mitupu ya ardhi kati ya shamba na shamba, ili moto ukizuka upande huu ukose cha kula kabla ya kufika upande ule. Huko alipata rafiki, Masinde, mtu wa Bungoma, aliyekuwa mpuliza filimbi wa kikosi, na kwa miaka sita wawili hao walikula sahani moja, Masinde akimfundisha kula ugali kwa mrenda, naye akimfundisha Masinde kukimaliza kichwa cha ngege bila kuacha kitu isipokuwa aibu ya samaki mwenyewe.

Jumamosi tarehe 11 Februari 1984 mkanda uliotenganisha mashamba mawili ulikuwa umemea nyasi hadi magotini, kwa sababu kikosi cha kaskazini kilidhani ni kazi ya kikosi cha kusini, na cha kusini kikadhani ni kazi ya kaskazini, na moto ulipozuka ulipita juu ya nyasi hizo bila kusimama, na Masinde, aliyekuwa ndani ya miwa akiwapulizia wenzake filimbi, hakutoka. Mnyapara aliandika kitabuni kwamba ilikuwa ajali. Marehemu aliomba kitabu hicho kana kwamba anataka kutia sahihi, akalikata neno ajali kwa kalamu, juu yake akaandika uzembe, na kwa ajili hiyo akasimamishwa kazi majuma mawili. Tangu siku hiyo hakukubali neno ajali litumike mbele yake panapotajwa moto, akisema kwamba hakuna moto wa ajali, kuna moto na kuna mtu aliyelala. Filimbi ya Masinde aliipeleka Bungoma kwa mjane, na mjane akamrudishia, akamwambia aivae, naye akaivaa shingoni kwa miaka arobaini na mmoja, kanisani na sokoni, na hata siku ya harusi ya binti yake Debra alipoambiwa aiache nyumbani aliiingiza tu ndani ya shati.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alikutana na mama yetu, Emmaculate Aoko, mwaka 1979, binti wa wauza samaki wa Asembo Bay, na siku aliyopelekwa kwa wakwe kwa mara ya kwanza aliwashangaza watu kwa kuzunguka kwanza nyuma ya nyumba kukagua tanuri la kukaushia samaki, akaona kwamba limekaa upande upepo unakotoka, akawaeleza, ndipo akaja kusalimu. Mkwe wake alicheka na kusema kijana huyu ataila mahari yetu kwa maneno, lakini tanuri lilihamishwa. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1980, na Mungu akawajalia watoto watatu, Frankline aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1981, Debra aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 1984, ambaye ni mwalimu Homa Bay, na Okinyi, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 29 Juni 1990, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma sokoni Pap Onditi na ndiye aliyebaki katika boma hili pamoja na mkewe Lornah na binti yao Shantel.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Desemba 2006 akarudi hapa, na ninyi majirani mnakumbuka alivyorudi, kwa maana wengine walikuja jioni hiyo wakitegemea soda, wakapewa darasa. Aliwaonyesha kwamba nyasi zetu huanza kukauka mwishoni mwa Novemba, na kufikia Januari watu huchoma nyasi kuukuu ili ng'ombe wapate majani mabichi mvua ikinyesha, na upepo wa ziwa huamka saa nane mchana na kuja moja kwa moja upande wa magharibi, kwa hiyo nyumba isiyo na mkanda upande wa magharibi, alisema, ni kuni zilizopangwa vizuri. Mlimpa jina la Mzee Faya. Mlisema anafyeka kana kwamba anamngoja gavana. Naye alicheka pamoja nanyi na akaendelea kufyeka.

Hata hivyo kazi ya kutengeneza boma kabla ya kiangazi hakutaka iwe yake peke yake, na kwa kuwa alikuwa amemzika rafiki yake kwa sababu ya kazi ya watu wote iliyokosa mwenyewe, aliiwekea kazi hii utaratibu. Sote tunajua kwamba katika boma mbegu haziingii ardhini hadi mkubwa aanze, kisha anayemfuata, kisha anayemfuata huyo, na mdogo akimtangulia mkubwa ameita laana juu ya nyumba, ile tunayoiita chira. Marehemu alichukua mila hiyo ya mbegu akauvisha mkanda wa moto, akatangaza kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya Desemba yeye atapiga fyekeo la kwanza, na siku atakapokuwa hawezi au hayupo litapigwa na Frankline, kisha Debra, kisha Okinyi, na hakuna atakayemruka mwenzake, ili asitokee mtu wa kusema alidhani ni kazi ya mwingine. Alisema moto hauheshimu mkubwa wala mdogo, lakini ninyi mtaheshimiana. Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 1 Desemba 2007, na kwa miaka kumi na sita baada ya hapo utaratibu huo ulifuatwa bila kukosa.

Mkanda wa marehemu ulikuwa hatua nane kutoka kwenye ua, nyasi zikifyekwa, mizizi ikilimwa kwa jembe hadi udongo mweusi uonekane, na takataka zikibebwa mbali, si kuchomwa. Kisha majani makavu yaliondolewa juu ya mabati na kwenye mifereji, matawi ya chini yakakatwa, kuni zikahamishwa kutoka ukutani, mapipa mawili yakajazwa maji na magunia yakalowekwa ndani yake, na vyeti vyote vya familia vikatiwa katika sanduku moja la bati karibu na mlango. Kila mtu alipewa kazi yake na njia yake ya kutokea, na baada ya chakula cha Jumapili mzee alikuwa akipuliza filimbi bila kutoa habari, wajukuu wakikimbia na kucheka hadi uwanja wa kanisa, Mama Emmaculate akifuata pole pole na kulalamika kwamba sahani hazijaoshwa, na huko Frankline, akiwa mkubwa, alihesabu watu. Ilikuwa kama mchezo, na ndiyo kumbukumbu tamu kuliko zote alizoachiwa Frankline na baba yake, na sasa hawezi kuigusa.

Tarehe 19 Julai 2024, siku ya Ijumaa, marehemu alipatwa na kiharusi akiwa anafunga ndama, akalazwa hospitalini mjini Kisumu siku ishirini na tatu, na alipotolewa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yalikuwa yamemwacha. Alibaki na mkono wa kushoto, na macho, na filimbi. Debra alimletea kiti cha magurudumu, na kila asubuhi alitaka awekwe upande wa magharibi wa nyumba, chini ya kivuli cha ukuta, akitazama nje ya ua, mahali ambapo nyasi za shamba la jirani asiyeishi hapa zilikuwa zikipanda, na ilipofika Novemba zilikuwa zimefika kiunoni na kuanza kugeuka rangi. Ndipo akaanza kunyoosha mkono wa kushoto, kwanza kuelekea nyasi, kisha kuelekea barabara inayokwenda Kisumu. Hapakuwa na mtu katika boma hili ambaye hakuelewa mkono huo ulikuwa ukisema nini. Ulikuwa ukisema Frankline.

Hapa historia inafika mahali ambapo kikao cha familia cha tarehe 15 mwezi huu kilikubaliana iandikwe hivi tu, kwamba marehemu alifariki kutokana na ajali ya moto, na hivyo ndivyo ilivyochapishwa katika karatasi mlizo nazo, ukurasa wa nne. Frankline alikuwepo katika kikao hicho na alinyamaza. Lakini hawezi kusimama kando ya jeneza la mtu aliyelikata neno hilo kwa kalamu yake, alisome kwa sauti, kisha aketi. Kwa hiyo anaomba msamaha kwa mama yake, kwa sababu mama ndiye aliyetaka kumficha Frankline, na ataendelea na tarehe kama zilivyokuwa.

Frankline anaishi Milimani, Kisumu, ni afisa katika ofisi moja ya serikali, ana gari, na kutoka mlangoni kwake hadi hapa ni mwendo wa saa moja na nusu. Jumamosi tarehe 7 Desemba 2024, siku ya mkanda, hakuja, kwa sababu kulikuwa na mkutano wa kufunga mwaka. Okinyi alikuwa ameomba ruhusa kazini, amenoa mafyekeo matatu, amewaita vijana wawili, wakakaa chini hadi saa saba. Alipopiga simu Frankline alimwambia, na maneno haya Okinyi anayakumbuka na Frankline pia, "Niko kwa meeting bro, ngojeni next Saturday. Hiyo nyasi haiendi mahali." Tarehe 14 Desemba hakuja, alikuwa na mazishi ya mama wa mkubwa wake wa kazi. Tarehe 21 hakuja, gari lilikuwa kwa fundi, ingawa magari ya abiria kutoka Kisumu hadi Pap Onditi hayakosekani mtu akiyataka.

Tarehe 25 Desemba alikuja, na hili ndilo linalomwamsha usiku. Alikuja na mkewe na watoto, amevaa viatu vyeupe, ameleta mchele na mafuta na kitambaa kwa mama, akaenda kumsalimu baba yake penye kivuli. Mzee akanyoosha mkono kuelekea nyasi. Fyekeo lilikuwa limeegemezwa ukutani, Okinyi alikuwa ameliweka hapo makusudi, hatua tatu kutoka mahali Frankline aliposimama, na hakuna aliyemtaka afyeke shamba zima, alitakiwa kupiga mara moja tu, pigo moja, mtu wa kwanza ameanza, kisha arudi kwenye kuku wake na Okinyi angefanya mengine yote hata siku hiyo ya Krismasi. Frankline alitazama viatu vyake, akamshika baba yake bega, akasema, "Kesho asubuhi Mzee, kesho mapema kabisa." Asubuhi yake simu ililia kutoka ofisini, na saa mbili alikuwa ameshavuka Ahero.

Wapo waliouliza katika siku hizi za msiba kwa nini Okinyi hakufyeka tu. Alitaka. Jumamosi tarehe 11 Januari 2025 alichukua fyekeo akafika hadi langoni, na Mama Emmaculate akamzuia, akasema, "Weka hiyo kitu chini. Ndugu yako bado ako hai. Mzee mwenyewe ndiye aliweka hiyo sheria, na bibi yako ako na mimba, unataka kutuletea chira kwa hii nyumba?" Mama msimlaumu. Amezika watoto wawili wachanga ambao majina yao hayamo katika historia hii, na kinachomtisha mwanamke wa namna hiyo kwa kilicho tumboni mwa mkaza mwanawe ni mila, wala yeye hakuitunga. Okinyi aliliweka fyekeo chini. Mzee aliyaona yote kutoka kitini, na mkono wake ulipanda na ukashuka, na hadi leo hatujui kama alikuwa anakubaliana na mkewe au anamsihi, kwa sababu sheria ilikuwa yake mwenyewe na hakuwa na ulimi wa kuiondoa.

Aliyeshughulika ni Lornah, mke wa Okinyi, ambaye hakubishana na mtu. Akiwa na mimba ya miezi saba alikwenda nyuma ya jikoni, akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono, akisema anatengeneza mahali pa kupanda mboga, na kwa kuwa mboga ni kazi ya mwanamke na mkono si fyekeo, hakuna mila aliyoivunja. Alipanda osuga, yaani mnavu, na sukuma wiki, akazimwagilia maji ya kuoshea vyombo, akaongeza tuta moja kila siku mbili hadi likawa shamba la hatua kumi kwa kumi. Mama alimtania kwamba mboga hizo zitalisha Nyakach nzima. Shantel anasema babu alipoonyeshwa mahali hapo alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Tarehe 18 Januari Frankline aliandika kwamba atafika mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi aliandika kwamba Jumamosi tarehe 8 Februari ni lazima, hata mvua inyeshe. Mvua haikunyesha.

Siku ya Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, moto uliowashwa na mtu asiyejulikana upande wa ziwa ulivuka shamba la jirani. Okinyi alikuwa sokoni kazini, na nyumbani walikuwa Mama Emmaculate, Lornah, Shantel, na marehemu mahali pake pa kila siku, yeye akiwa wa kwanza kuuona kama alivyokuwa wa kwanza kuuona kila mara. Alipuliza filimbi kwa nusu ya mdomo, ikatoka sauti ndogo kama birika linaloanza kuchemka, lakini Lornah aliisikia. Alimtuma Shantel akafungue ng'ombe na kukimbilia kanisani, kama alivyofundishwa mezani tangu akiwa na miaka mitatu, kisha yeye na Mama wakashika kiti. Magurudumu yalizama katika nyasi, kwa sababu nyasi zilikuwa zimeingia hadi ndani ya ua. Walikivuta hatua kama ishirini. Moto ulipita chini ya ua, ukashika paa la ghala, na Lornah anasema mzee aliuondoa mkono wake Lornah kutoka kwenye kiti, kidole kimoja kimoja, kwa ule mkono wa kushoto, kisha mkono ambao kwa miezi mitatu ulikuwa ukielekeza nyasi na barabara ukaelekeza mboga. Lornah akamshika Mama akamvuta. Walilala ubavu katikati ya sukuma wiki, na moto ulifika ukingoni mwa matuta, pande mbili, ukakosa cha kula na kufa.

Majirani walifika na matawi na magunia na kumtoa mzee akiwa hai, na Okinyi akampeleka hospitalini Kisumu. Frankline alifika wodini saa kumi na mbili jioni, maana kutoka ofisini kwake hadi hapo ni dakika kumi. Alikaa naye jioni hiyo, na kesho yake mchana kutwa, na keshokutwa asubuhi, akiyatazama macho ya baba yake yaliyokuwa wazi na yenye akili timamu, akamwambia kila kitu ambacho mtu anaweza kusema, akangoja ishara yoyote, ya hasira au ya huruma, angeipokea yoyote. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji hadi begani. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu na karibu miezi sita. Ukurasa wa nne unasema ajali. Kalamu ipo, na neno lililo sahihi mnalijua.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita na mmoja anayetarajiwa mwezi Machi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Julai na waliomhudumia Februari, kwa mikono yenye upole uliozidi kazi yao. Inawashukuru majirani, wale waliokuja na matawi, na hasa wawili walioungua mikono, ambao wamekataa kutajwa. Inawashukuru wazee wanne wa kikosi cha moto waliosafiri kutoka Muhoroni wakiwa na fulana zao za zamani, na Nasambu, binti wa Masinde, aliyefika jana kutoka Bungoma, ambaye filimbi ilipotolewa hospitalini pamoja na nguo za marehemu alipewa yeye, akaitazama, akaifunga ndani ya kitambaa. Inamshukuru Lornah, na hapa familia haina neno la kutosha. Ng'ombe wote wapo, sanduku la bati lipo, vyeti vyote vipo, hata cha Frankline.

Zipo familia ambazo katika saa kama hii huomba wageni wajifunze kitu, na marehemu angependa mkirudi nyumbani mtazame upande wa magharibi wa nyumba zenu. Frankline hana la kumfundisha mtu. Kuanzia ua hadi ziwani nyasi zote ziko chini leo, hakuna cha kufyeka, na hakuna anayemngoja.

Ila jana asubuhi, kaburi hili lilipokuwa linapimwa, vijana wa kijiji walisimama na majembe yao, na Okinyi amesimama nao, na hakuna aliyeigusa ardhi, kwa sababu mkubwa lazima aanze. Okinyi alilitoa jembe lake akamnyooshea kaka yake, mpini mbele, akangoja, kama alivyongoja Desemba na Januari. Frankline alikuwa hapo. Alilipokea, akapiga mara moja, ilichukua muda wa kuvuta pumzi, kisha wengine wakaendelea, na kazi yote ikaisha kabla ya adhuhuri.

Baba, ni mimi. Nimeanza. Lala, tumekuja wote, nimehesabu.